Katika tozo ya maji ya shilingi hamsini kwa lita ya mafuta, kumi iwe ya pampu

Shangazi yangu ni mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji chake, mkoani Singida. Ana daftari la jalada gumu ambalo ameandika humo mauzo ya kila siku tangu kisima kilipozinduliwa. Dumu la lita 20 ni shilingi 50. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia alinifungulia ukurasa mmoja, akaweka kidole.

"Hapa ndipo pampu ilipokufa, mwanangu."

Kurasa zilizofuata hazikuwa na hesabu yoyote. Lakini shangazi hakuacha kuandika. Kila Jumatatu aliandika tarehe, na mbele yake neno moja: Hakuna. Nilihesabu miezi kumi na minne ya "Hakuna". Katika miezi hiyo wanawake walirudi korongoni kufukua mchanga na kuchota kwa kata maji yanayochuruzika, wengine wakitoka nyumbani saa tisa usiku ili wayawahi kabla ng'ombe hawajafika.

Nilimuuliza kwa nini hawakununua pampu nyingine, maana fedha walikuwa wanakusanya. Hakukasirika. Alichukua kalamu akanipigia hesabu. Siku nzuri huuza madumu 300, yaani shilingi 15,000. Kwa mwezi ni 450,000. Hapo ondoa dizeli ya jenereta, posho ya mhudumu wa kituo na ya mlinzi, koki zinazokatika, na siku za masika ambapo watu hukinga maji ya mvua na kituo hakiuzi chochote. Kinachobaki ni kama 60,000 kwa mwezi. Pampu mpya na mota yake, nyaya, na gari la kuja kuing'oa ile ya zamani kutoka chini, waliambiwa ni milioni 11. Ukigawa, unapata miaka kumi na mitano. Pampu iliyokufa ilikuwa imefanya kazi miaka sita.

Tangu siku hiyo hesabu ile haijanitoka kichwani. Shangazi si mzembe wala kamati yake si ya wezi. Daftari lipo, kila senti inaonekana. Walifanya yote waliyoagizwa kufanya, na bado isingewezekana. Kosa liko juu yao, kwenye namna nchi yetu ilivyoamua nani alipie nini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha programu ya miaka 20 ya maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila kaya iwe na maji safi ndani ya mita 400. Serikali ilijenga, serikali ikaendesha, na mwanakijiji hakulipa kitu. Visima na matangi mengi yalijengwa, kisha uchumi ukayumba, mafuta na vipuri vikakosekana, na mashine zikasimama. Wazee wengi wa Singida, Dodoma na Shinyanga watakuonyesha mpaka leo tangi la zege lililoota majani, wakakwambia lilitoa maji walipokuwa shule ya msingi.

Funzo tulilochukua hapo likaingia kwenye Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Sera ile ilikuwa na mambo mazuri. Ilirudia mita 400, ikataja lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Lakini ilisema pia kwamba jamii za vijijini zibebe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Kutoka kutolipa chochote, tukaruka hadi kulipa kila kitu. Mkulima wa mtama anayesubiri mvua moja kwa mwaka akakabidhiwa mota ya chini ya ardhi na kuambiwa ni yake, ikiungua ataijua mwenyewe.

Matokeo yake yanajulikana. Tathmini ya Benki ya Dunia iliyotoka mwaka 2018 ilionyesha kuwa karibu asilimia 40 ya vituo vya maji vijijini Tanzania havikuwa vikifanya kazi, na kwamba karibu kituo kimoja kati ya vitano vipya hukwama ndani ya mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa kwanza! Rangi ya kibao cha uzinduzi bado haijapauka.

Sasa linganisha na barabara, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Zamani barabara zetu nazo zilikuwa zinajengwa, zinaachwa, zinakufa, zinajengwa upya kwa mkopo. Nchi ikajifunza. Tukaunda Mfuko wa Barabara, ukapewa tozo kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na sheria ikasema angalau asilimia 90 ya fedha hizo ziende kwenye matengenezo. Ujenzi mpya hupewa kile kidogo kinachobaki. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kijijini kuwaambia wananchi kwamba daraja likisombwa na mafuriko wachangishane kununua nondo. Tunaona ni jambo la kawaida kabisa kwamba barabara ya kijijini inatengenezwa kwa fedha za taifa. Ni kwa nini kisima kiwe tofauti? Barabara ikikatika, gari huzunguka. Maji yakikatika, mtoto wa kike haendi shule.

Maji nayo yana mfuko wake. Ulianza kama Mfuko wa Uwekezaji wa Maji kwa sheria ya mwaka 2009, na kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, sheria ileile iliyozaa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ukawa Mfuko wa Taifa wa Maji. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 unapata shilingi 50 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Neno "uwekezaji" limetoka kwenye jina, lakini bado ndilo linalotawala kazi zake: mradi mpya, bomba jipya, tangi jipya. Sipingi hata kidogo. Mfuko huu umekwamua miradi mingi iliyokuwa imesimama kwa sababu fedha za bajeti ya kawaida hazikuja. Mtakumbuka mwaka wa fedha 2016/17, ambapo hadi Machi wizara ya maji ilikuwa haijapata hata robo ya fedha za maendeleo zilizopitishwa na Bunge. Fedha za tozo ndizo zilizoshikilia sekta. Wabunge wa vyama vyote, wala si mara moja, walisimama kudai hamsini iwe mia.

Haikuwa mia. Mwaka 2021 tozo ya barabara iliongezwa shilingi 100 kwa lita ili TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipate uwezo, na umeme vijijini ulikuwa tayari una mia yake. Maji yakabaki na hamsini. Na hamsini ya mwaka 2015 si hamsini ya leo; bei ya bomba, nyaya na saruji imepanda, tozo yenyewe imesimama palepale kwa sababu iliwekwa kwa shilingi, si kwa asilimia.

Kwa hiyo hoja yangu ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo ninayoijali zaidi. Kwanza, tozo ipandishwe ifike mia kama wabunge walivyoomba. Pili, hata isipopanda, katika kila shilingi 50 zitengwe shilingi 10 kwa sheria, ziwe za matengenezo makubwa ya miradi ya vijijini tu: pampu, mota, mfumo wa sola, kusafisha kisima kilichojaa tope, kuchimba upya pale maji yaliposhuka. Zisiguswe kwa kujengea mradi mpya hata kama waziri anakwenda kuuzindua. Wanakijiji waendelee kulipia dumu, na fedha hizo zitumike kwa mambo wanayoyamudu: koki, mhudumu, mafuta, mita. Koki ya elfu nane ni yao. Mota ya milioni nane ni ya taifa.

Najua kitakachosemwa. Kwamba cha bure hakitunzwi, na wanakijiji wakijua serikali itanunua pampu hawatakusanya hata senti. Hofu hiyo ina msingi, miaka ya sabini inatuonya. Lakini sisemi iwe bure. Jumuiya ionyeshe daftari lake kwanza. Ionyeshe kwamba imekusanya, imeweka benki, imefanya matengenezo madogo kwa wakati. Iliyo na daftari kama la shangazi ipate pampu ndani ya wiki mbili. Isiyo nalo isubiri ukaguzi. Hapo utaona jinsi madaftari yatakavyotunzwa. Utaratibu wa kulipa kwa matokeo haututishi. Mpango wa maji vijijini unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umekuwa ukitoa fedha kwa kuangalia pia kama vituo vilivyopo vinaendelea kutoa maji. Kama tunaweza kufanya hivyo kwa fedha za mkopo, tushindwe vipi kwa fedha zetu?

Kuna hoja nyingine, na hii ni nzito kuliko ya kwanza. Kipo kijiji ambacho hakijawahi kuwa na bomba kabisa. Utamwambia nini mama wa huko, kwamba fedha zake zimekwenda kutengeneza kisima cha wenzake waliokwisha kuonja? Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba kurudisha maji kwenye kisima kilichokwisha kuchimbwa ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kuanza upya. Tukiacha vya zamani vife huku tukichimba vipya, mama yule tutamfikia, kisha miaka sita baadaye naye ataandika "Hakuna" kwenye daftari lake. Tumeshazoea kuhesabu asilimia za upatikanaji wa maji kwa vituo vilivyojengwa, na lengo la asilimia 85 vijijini ifikapo 2025 lilirudiwa kwenye kila jukwaa. Mama anataka kujua kama leo asubuhi koki ikifunguliwa kinatoka kitu.

Na saa inakwenda. Baada ya UVIKO serikali ilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima, jambo jema sana, mikoa iliyokuwa ikisubiri mkandarasi mwaka mzima ikapata mtambo wake. Kisha ukaja mpango wa visima 900, vitano kwa kila jimbo. Nilifurahi niliposikia, na ninafurahi mpaka sasa. Lakini hebu tufikiri kama mkulima aliyepanda miche 900 siku moja. Visima 900 ni pampu 900 zilizoshushwa karibu wakati mmoja, zenye umri mmoja, na zitachoka karibu wakati mmoja. Ukibahatika, pampu ya aina hiyo inakwenda miaka kumi. Maji yakiwa na chumvi au mchanga kama ya kwetu, haifiki. Kabla au karibu ya mwaka 2033, majimbo yote yatabisha hodi kwa pamoja. Fedha za kuwapokea zianze kuwekwa sasa, kidogo kidogo, wakati mashine bado ni mpya.

Sitaki kuacha vyanzo nyuma, ingawa hilo linahitaji makala yake. Pampu nzima kwenye kisima kikavu haina faida. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, na Oktoba 2022 Dar es Salaam nzima ilionja mgao baada ya Ruvu kupungua. Bodi zetu tisa za maji za mabonde ndizo zenye kazi ya kulinda vyanzo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo zinaifanya kwa ada za watumiaji. Nazo zinastahili fungu kwenye tozo hii.

Kijijini kwa shangazi maji yalirudi, ila si kwa mfuko wowote. Vijana wa kijiji walioko Dar, Arusha na Mwanza tulifungua kundi la WhatsApp, tukachangishana miezi mitano. Mwingine alitoa elfu tano, mwingine laki tatu. Nilitoa nilichokuwa nacho. Tulinunua pampu na tukaweka sola badala ya jenereta, kwa hiyo dizeli haipo tena na kinachobaki kwa mwezi kimepanda. Lakini jirani zao, kilomita tisa kutoka hapo, hawana watoto wengi mjini. Kisima chao kimesimama mwaka wa tatu sasa.

Bajeti ya Wizara ya Maji husomwa Mei kila mwaka. Mbunge wako akija kabla ya hapo, muulize visima vingapi vya jimbo lake vimesimama na ni shilingi ngapi zimetengwa kuviamsha. Mimi wa kwetu nimeshamwandikia, na kwenye barua nimeambatisha picha ya ukurasa wa daftari la shangazi, kwa ruhusa yake. Alipokuwa ananiruhusu aliniambia niwaombe waangalie mwandiko, kwamba hata zile wiki za "Hakuna" aliandika kwa kunyoosha mstari, akijua siku moja mtu atataka kuona.