Pingi ya Arobaini na Kilio cha Mchezaji wa Huku

Jumamosi iliyopita, katikati ya mechi ya gemu ya mtandaoni, kijana mmoja wa timu yangu ya huku ughaibuni aliwaka kwenye kipaza sauti, akasema kwamba hakuna binadamu anayeweza kucheza katika hali kama ile na kwamba kukicha tu angempigia simu mtoa huduma wake wa intaneti. Nilidhani mtandao umemkatikia kabisa. Kumbe pingi yake, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha mechi) na kurudi, ilikuwa imepanda kutoka milisekunde 15 hadi 40. Arobaini! Nilizima kipaza sauti changu nikacheka peke yangu, kwa sababu ninyi mliobaki nyumbani mnakumbuka kwamba tulipoiona 180 tulikuwa tukiambiana kuwa leo mtandao umetulia, tuwahi kabla haujabadili nia.

Najua tayari kuna mtu anayesema, "Huyo ameanza, keshasahau alikotoka." Sijasahau, na aibu ninayotaka kuisimulia ni yangu mwenyewe. Nilipofika huku, hata kabla ya kununua kitanda, nililipia kifurushi cha faiba cha megabiti 500 kwa sekunde, na wiki nzima ya kwanza nikakutana na lagi ileile, kule kuchelewa kwa gemu, niliyodhani nimeiacha uwanja wa ndege. Adui alikuwa akinipiga nikiwa nimekwisha kujificha nyuma ya ukuta. Ruta ilikuwa karibu na mlango wa kuingilia, konsoli ilikuwa chumbani nyuma ya televisheni, na katikati yake palikuwa na kuta mbili za zege pamoja na waifai za majirani wa jengo zima, zote zikigombania masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ambayo hata oveni ya maikrowevu huyachafua. Kifurushi kikubwa kuliko kile kisingenisaidia chochote. Kilichonisaidia ni waya wa etheneti wa mita 15.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno "kasi". Megabiti zinaeleza ni data kiasi gani inapita kwa sekunde moja, ilhali pingi inaeleza muda unaopita tangu taarifa ya kitufe ulichobonyeza iende hadi kwenye seva na jibu likurudie. Gemu ikiwa inachezwa hutumia data kidogo mno, aghalabu isiyofika hata megabiti moja kwa sekunde, kwa hiyo mtu mwenye megabiti 10 zilizotulia anaweza kumshinda mwenye 500 zinazoyumba. Ninaposema hivi simaanishi kwamba nyumbani na huku ni sawa. Gemu ya gigabaiti 100 kwa megabiti 10 inahitaji takriban saa 22 za kupakua, endapo hakuna kitakachokatika njiani, nasi sote tunajua kitakatika. Kwa megabiti 500 inashuka kwa muda usiofika nusu saa. Katika hilo huku wametushinda, na sina utetezi wowote. Ninachokataa ni ile tabia yetu ya kukimbilia kifurushi cha juu kila tunapofungwa, kana kwamba tatizo lote liko kwa kampuni na hakuna hata chembe yake iliyo sebuleni kwetu.

Chukueni suala la foleni. Nyumba ina watu sita, mmoja anatazama filamu, simu tatu zinapandisha picha mtandaoni bila hata wenyewe kujua, nawe uko dakika za mwisho za mechi. Ruta hupokea data kuliko inayoweza kuipitisha, hivyo huipanga foleni ndefu, na kile kipande kidogo cha data kinachobeba mkwaju wako kinasimama nyuma ya picha za harusi. Pingi inaruka kutoka 60 hadi 400, wewe unailaani kampuni. Mainjinia walilishughulikia tatizo hili zamani: mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kusimamia foleni hizo iitwayo CoDel, na mwaka 2018 toleo lake linaloitwa FQ-CoDel, ambalo huzitenganisha foleni ili data ndogo isizibwe na kubwa, likatolewa rasmi kama RFC 8290, waraka wa kiufundi wa intaneti. Zipo ruta zenye mpangilio huo tayari. Unauwasha, unaweka kikomo kilicho chini kidogo ya kasi unayoipata kweli, ukizingatia zaidi upande wa kupandisha ambao ndio huziba upesi, na nyumba nzima inaendelea na mambo yake bila kukuua. Inaniudhi kwamba nililijua hilo baada ya kuhama, ilhali sisi tuliokuwa na njia nyembamba ndio tuliolihitaji zaidi.

Sasa naisikia ile sauti nyingine: "Wewe umekaa juu ya faiba, unatufundisha nini sisi wa data ya simu?" Swali ni halali. Mnara wa simu unagawana nafasi baina ya watu wote wa eneo, na saa mbili usiku hakuna waya wa chumbani utakaoupunguzia mzigo. Isitoshe, mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, ndiyo maana PlayStation inaweza kukuandikia NAT ya aina ya 3, yaani muunganisho uliobanwa, na husikii sauti za wenzako wala huingii katika vyumba vyao. Hapo unaweza kuisogeza ruta dirishani, kucheza alfajiri au kuomba anwani yako ya umma ikiwa inapatikana. Kuhusu setilaiti, msidanganyike na jina tu: ile iliyo umbali wa kilomita 35,786 haiwezi kukupa pingi ya chini ya karibu nusu sekunde hata ulipe kiasi gani, ilhali zile zinazozunguka kilomita 550 hivi juu ya ardhi ni habari nyingine kabisa. Na yule anayewaambia kila wiki mbadilishe DNS ili pingi ishuke, tafadhali mwambieni apumzike. DNS inatafuta anwani ya seva. Mechi ikishaanza, haina kazi tena.

Lipo moja ambalo halina waya wala mpangilio wa kulitibu, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 6,000 inakudai milisekunde 60 za kwenda na kurudi, tena kama nyaya zingenyooka, nazo hazinyooki. Ndiyo maana ninapowasikia watu wa huku wakituita wachezaji dhaifu, damu inachemka. Sisi tulijifunza kupiga pale adui atakapokuwa, si pale tunapomwona. Mpeni huyo bwana wa arobaini ile 180 yetu kwa wiki moja tuone kama atafika hata nusu ya ngazi tulizofika.

Mdogo wangu alinipigia mwezi uliopita akitaka nimchangie kifurushi kikubwa zaidi. Nilikataa, akanuna, nikamtumia waya. Kazi ikawa kwa mama, ambaye hakutaka kuona waya ukikatiza koridoni, hadi dogo alipoupandisha juu ya fremu za milango na kuubana kwa vibanio akauficha. Juzi tulicheza pamoja. Gemu yetu inaruhusu kuchagua eneo la seva, na kwa kuwa miaka yote tulikuwa tukichagua la upande wa huku, safari hii nikamwachia achague lililo karibu naye. Yeye akasoma 34, mimi nikasoma 172. Alinifunga mechi nne mfululizo, na katika ya tano nikajikuta ninapiga kelele kwamba hakuna binadamu anayeweza kucheza hivi.

"Sasa kaka," akaniuliza taratibu, "anayedeka ni nani?"