Picha Safi, Kichwa Kinachougua: Mitandao ya Ubongo na Maswali Yetu ya Tabora

Mzee mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe akapigwe Mwanza picha ya kichwa kwa MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Kijana alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwapo na kukesha usiku kucha. Waliporudi, mzee alitoa filamu kwenye bahasha ya kaki, akaiinua dirishani, nasi tukaitazama kana kwamba tunaelewa. Majibu yalisema hakuna kasoro iliyoonekana. Kabla jua halijazama ukoo ulikuwa umegawanyika: wapo waliosema amerogwa, na wapo waliosema anajifanyisha, maana mashine yenyewe imesema kichwa ni kizima.

Tafsiri zote mbili zina kosa lile lile. MRI ya kawaida huonyesha umbo: uvimbe, kovu la kiharusi, damu iliyovilia, malengelenge ya minyoo ya tegu wa nguruwe. Haionyeshi namna sehemu za ubongo zinavyoshirikiana, na huko ndiko watafiti wengi wanakoyatafuta maradhi kama skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie au kuamini yasiyokuwapo, na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu. Njia ya kuuona ushirikiano huo ilifunguka mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake walipoonyesha kwamba mashine hiyo inaweza kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake wakaona kwamba hata mtu akilala kimya bila kazi yoyote, shughuli za maeneo yaliyo mbalimbali hupanda na kushuka kwa pamoja; maeneo yanayokwenda pamoja hivyo ndiyo huitwa mtandao.

Mkazi wa Tabora hahitaji kuelezwa sana maana ya mtandao. Reli ya Kati ikifika hapa hugawanyika, njia moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza, kwa hiyo hitilafu ya stesheni hii husikika ziwani pande zote mbili, ilhali hitilafu ya kituo kidogo cha porini hukwamisha upande mmoja tu. Ubongo nao una makutano ya namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwachunguza wavutaji sigara waliopata majeraha ya ubongo, wengi wao kwa kiharusi, ambao baadhi yao waliacha kuvuta ghafla. Majeraha ya walioacha hayakuwa mahali pamoja, lakini yaliangukia kwenye mtandao mmoja. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya sonona sugu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo hutumia picha za mitandao kuchagua mahali pa kuelekeza sumaku kichwani mwa mgonjwa. Mtu anayedai kwamba fani hii ni michoro ya rangi tu, hajaifuatilia.

Hata hivyo nina mashaka, na yanaanzia kwenye kipimo chenyewe. Mashine haioni treni ikipita. Inafanana na karani aliyeketi Tabora akiandika bei za sokoni, akaona zile za Kigoma na za Mwanza zinapanda siku moja, akahitimisha kwamba miji hiyo inafanya biashara moja kwa moja, kumbe zote mbili zinavutwa na Dar es Salaam. Isitoshe, kinachopimwa ni damu, inayochelewa nyuma ya seli za neva kwa sekunde kadhaa. Kisha kuna suala la kutikisika. Mwaka 2012 timu kadhaa za Marekani zilionyesha kwamba kichwa kikisogea hata sehemu ya milimita, mawasiliano ya maeneo yaliyo mbali huonekana dhaifu kuliko yalivyo. Mtoto mwenye usonji, au mtu mwenye hofu, hutikisika zaidi ya mwanafunzi wa chuo aliyejitolea kupimwa. Basi tofauti iliyoitwa ugonjwa huenda ilikuwa, kwa sehemu, shingo isiyotulia.

Idadi ya wanaopimwa ni tatizo zito zaidi. Mwaka 2017 watafiti waliotumia picha za zaidi ya watu 1,000 walitangaza aina nne za sonona kulingana na mitandao. Miaka miwili baadaye timu nyingine ilijaribu njia ileile kwa wagonjwa wengine na haikupata ushahidi wa kutosha wa aina hizo. Mwaka 2022 uchambuzi wa data za watu wapatao 50,000 ulionyesha kwamba uhusiano kati ya picha za ubongo na tabia ni hafifu kiasi cha kuhitaji maelfu ya watu ili kuthibitika. Wastani wa maelfu hauwezi kumjibu mzee mwenye mtoto mmoja.

Kwa hiyo, je, ng'ombe wale walipotea bure? Sidhani. Mtu anapoanza kusikia sauti, daktari ana sababu ya kutaka kuhakikisha hakuna uvimbe, na kwa kifafa kilichoanza ukubwani picha ni muhimu zaidi. Lakini kama fedha ni za jambo moja tu, mimi ningeanza na dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo, na vidonge vya kifafa vya bei nafuu havingoji mashine ya sumaku. Ugonjwa wa kijana yule nao hutambuliwa kwa mazungumzo marefu na mgonjwa na jamaa zake; hadi leo hakuna picha ya mitandao inayoutambua kwa mtu mmojammoja.

Gharama ambayo ingeepukika kabisa ni ya maneno. Mtoa majibu aliandika kwamba picha haikuonyesha kasoro, mzee akasikia kwamba mwanawe haumwi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, pale dirishani pa hospitali alipopokea bahasha, kwamba hayo ni mambo mawili.