Acheni Kumtahini Bibi

Idd tumeila Ngamiani kwa bibi. Nyumba imejaa, pilau limetosha mpaka kwa majirani, watoto wanahesabiana fedha za sikukuu. Mambo yalikwenda vizuri hadi wageni wa jioni walipoanzisha mtihani wao wa kumpima bibi, ambaye siku hizi anasahau.

"Shikamoo bibi. Hebu nitazame vizuri. Mimi nani?"

"Marahaba. Kwani wewe hujijui, mpaka uje kuniuliza mimi?"

Tukaangua kicheko, na mimi nimo. Akaja wa pili: "Na mimi je? Nitaje jina." Wa tatu akasukuma mtoto mbele: "Huyu wa nani, bibi?" Wa nne simu keshainua, anarekodi. Bibi akavuta kanga mpaka usoni, akasema ana usingizi. Hata Magharibi haijaadhiniwa.

Jikoni nikamsikia shangazi: "Anajitia tu huyo. Mbona ukili anasuka? Mbona Yasini anaisoma mwanzo mpaka mwisho? Akitaka kukumbuka anakumbuka."

Shangazi, shikamoo, na uniwie radhi, lakini hapo nitabisha. Wewe unadhani kumbukumbu ni mtungi mmoja, una maji au umekauka. Ubongo una mitungi mingi, na haipasuki siku moja.

Kulikuwa na Mmarekani, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo ili apone kifafa. Wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Kifafa kikapungua sana, ila tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya jambo lililomtokea. Unazungumza naye, unatoka nje, ukirudi anakusalimu kama mgeni. Basi mtafiti Brenda Milner akampa kazi: achore nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni nyumbani, mkono utawakataa. Molaison alirudia kwa siku tatu, na kila siku mkono ulikuwa mwepesi zaidi. Ukimuuliza, atakwambia hajawahi kuifanya kazi hiyo maishani mwake. Mkono unajua, mwenyewe hana habari. Alifariki 2008, na mpaka leo wasomi wanamzungumzia.

Ndiyo habari ya ukili wa bibi. Ujuzi wa mikono unatunzwa kwingine, kwenye ubongo mdogo wa kisogoni na viini vilivyo ndani kabisa, na bibi ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu asahau, hospitali walishatuambia. Ugonjwa huo kwa kawaida huanzia huko huko kwenye hipokampasi na jirani zake. Ndiyo maana kakwambia habari za Uhuru wa 1961, na kanga aliyovaa siku hiyo, kisha hajui kama amekunywa chai. Ya 1961 yamekaa miaka na miaka, yameshasambaa kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Ya leo asubuhi hayakupata pa kushikia. Na Yasini ameisoma kila usiku wa kuamkia Ijumaa tangu yu mwari, ulimi unajiendea. Halafu nyinyi mnaacha milango yote iliyo wazi, mnakwenda kugonga ule mmoja uliofungwa, tena mnagonga kwa kicheko.

(Kuna aina nyingine za kumbukumbu, sitaziingilia. Mwanasaikolojia Endel Tulving alitenganisha mwaka 1972 kumbukumbu ya mambo uliyoyaishi na ya mambo unayoyajua tu. Najua Wajerumani walitawala Tanga, sikuwepo.)

Mtasema, hata daktari anamuuliza leo siku gani. Ndiyo, anauliza. Daktari anapima, wewe unatafuta video. Na nakubali, shingo upande, kwamba wengine mnauliza kwa mapenzi, mnataka kusikia jina lenu kinywani mwake. Hata mimi. Na kweli, bibi ujanja anao: mtaje anayemdai fedha, utaona usahaulifu unavyozidi.

Lakini msiniambie "si atasahau, hataumia." Zaidi ya miaka mia iliyopita daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, alikuwa na mgonjwa wa kike asiyeweka kumbukumbu mpya. Siku moja akaficha pini mkononi, akampa mkono wa salamu, akamchoma. Leo angefikishwa mahakamani. Alipomnyooshea mkono baadaye, mama yule hakumkumbuka daktari wala pini, ila mkono wake aliurudisha nyuma. Kisa kilipotea, maumivu yakabaki. Sasa mnashangaa kwa nini bibi siku hizi akisikia wageni wanabisha hodi anataka kulala?

Si kazi ngumu. Ingia, msalimu, jitaje mwenyewe: mimi fulani, mtoto wa fulani. Basi.

Idd pili asubuhi nilimkuta barazani na ukindu wake. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako, mtoto wa kitindamimba wako."

"Marahaba. Kaa," akasema, akanipa ukili niendeleze. Nikasuka kama shubiri mbili hivi, najiona fundi. Akauchukua, akautazama, hakusema neno. Akaufumua wote.