Mitishamba ya UTI: anayekimbia vidonge ana hoja

Katika utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, wagonjwa 7,583 waliofika vituo vya afya wakiwa na dalili za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) walioteshewa mkojo maabara, yaani mkojo uliwekwa ili kuona kama bakteria wataota. Waliokutwa na maambukizi kweli ni 2,653, yaani asilimia 35. Mabishano ya mitishamba na vidonge yangeanzia kwenye namba hiyo tungeelewana mapema, kwa sababu inazibana pande zote mbili.

Inambana muuza dawa za asili. Kati ya wateja 100 wanaochomwa na mkojo, huenda 65 hawana UTI. Kuna wenye fangasi, kuna wenye kisonono au klamidia, na kuna ambao hawanywi maji ya kutosha hivyo mkojo umekolea tu. Hao wa mwisho watapata nafuu kwa chai yoyote, na ushuhuda wao ndio utakaouza dawa.

Hospitali nayo haiponi. Mama anapima mkojo haraka haraka, anaambiwa una usaha, anaandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini, na baada ya miezi miwili anarudi na maumivu yaleyale. Akisema vidonge havimsaidii, anasema kweli. Ama hakukuwa na bakteria wa kuuawa, ama waliokuwepo ni sugu, maana utafiti huohuo uliwakuta wengi wakihimili aina kadhaa za antibiotiki. Kumwita mjinga kwa sababu amegeukia mizizi na majani ni kumwonea.

Tena si kwamba majani hayajawahi kupimwa. Ujerumani, wanawake 398 wenye UTI ya kibofu isiyo na matatizo mengine waligawanywa makundi mawili: moja likapewa antibiotiki ya fosfomisini, lingine dondoo ya majani ya uva-ursi. Kundi la uva-ursi lilitumia dozi za antibiotiki pungufu kwa asilimia 63.6 kuliko lile lingine. Wengi wao walipona bila kuzigusa kabisa, kwani kibofu cha mwanamke mwenye afya njema mara nyingi hujisafisha chenyewe.

Gharama yake haifichiki. Kundi hilo liliumwa zaidi, na waliopata maambukizi ya figo walikuwa 8, dhidi ya 2 wa upande wa pili. Ni watu wachache, lakini figo si kiungo cha kubahatisha. Ndiyo maana mitishamba peke yake haifai kwa mjamzito, mtoto, mwanaume, mwenye kisukari, wala yeyote mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavuni. Mjamzito hutibiwa akikutwa na bakteria kwenye mkojo hata kama hasikii chochote.

Kwa mwanamke mwingine mwenye dalili nyepesi, njia ya kati ipo na haitumiki inavyostahili. Apeleke mkojo ukaoteshwe kabla ya kumeza chochote. Ajisafishe, aachie mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati kwenye kopo la maabara, na ufike ndani ya saa 2. Ukikaa kwenye joto bakteria huzaliana na majibu hupotosha. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Katika muda huo anaweza kunywa maji, chai yake ya asili na parasetamo. Dalili zikiisha, ameepuka dozi. Zikizidi, au zikifika saa 48 bila nafuu, arudi, na sasa daktari atachagua dawa akijua mdudu ni yupi. Kwa kibofu mara nyingi itakuwa nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5.

Kwenye kuzuia UTI inayojirudia, mimea ina nguvu zaidi kuliko kwenye kutibu. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yalikuta bidhaa za kranberi, tunda dogo jekundu la nchi za baridi, zikipunguza hatari kwa takriban robo kwa wanawake wa aina hiyo. Kinachodhaniwa kufanya kazi ni proanthosianidini za aina A, zinazowazuia bakteria kung'ang'ania ukuta wa kibofu. Rozela, ambayo wengi huinywa badala yake kwa kufanana rangi, wekundu wake ni wa anthosianini, kitu kingine kabisa.

Ila rozela ni maji pia, na hapo isidharauliwe. Bulgaria, wanawake 140 waliozoea kunywa kidogo na kuugua mara kwa mara walifuatiliwa mwaka mzima. Walioongeza lita 1.5 za maji kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Sehemu kubwa ya sifa tunazowapa nywele za mahindi na maji ya shayiri huenda inatoka kwenye jagi lenyewe.

Yasiyo na utetezi ni kuingiza kitunguu saumu ukeni, kwani huunguza ngozi laini na hakifiki kwenye kibofu, na kutibu kwa majani mkojo wenye damu. Pwani, Unguja na Pemba, damu hiyo yaweza kuwa kichocho, na dawa yake ni prazikwanteli.