Barafu ya Kando ya Njia Haiokoi Nyama

Nyama ya tandala ambayo shemeji aliinunua kwenye shamba la wanyama pori huko Zambia ilitufikia Lubumbashi juzi ikiwa supu. Karatasi zote safi: kibali, cheti cha daktari wa mifugo, mihuri hadi pembeni. Nyama sasa! Tulifungua glasieri, lile sanduku la kutunza baridi, uani, mapaja yanaelea kwenye maji mekundu, na gazeti alilofungia limekuwa uji. Shofa, dereva aliyeileta, hana hata aibu: “Lakini mama, niliongeza barafu Kitwe, nikaongeza tena mpakani Kasumbalesa.”

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Nani aliwafundisha kwamba barafu inayochuruzika ndiyo inayogandisha nyama? Barafu hiyo ina nyuzi 0. Nyama iliyotoka kwenye friza nzuri iko nyuzi 18 chini ya sifuri. Hebu niambieni, kati ya hao wawili nani anampa mwenzake baridi? Ni nyama! Kila mfuko unaoumwaga humo unaila nyama baridi yake, na kila ukifunua kifuniko unakaribisha joto letu la Oktoba liingie likae. Baridi ya safari inawekwa nyumbani, kabla gari halijawashwa. Igandishe nyama siku kadhaa, hadi katikati ya paja ukigonga isikike kama jiwe. Glasieri nayo ipoe usiku kucha. Usiitoe stoo ikiwa bado ya moto. Panga vipande vibanane, kila upenyo uzibwe kwa chupa za maji zilizoganda kwenye friza hiyohiyo, maana hewa iliyobaki ndani ndiyo inayobeba joto. Kisha funga kifuniko kwa utepe wa gundi, viringisha blanketi, weka ndani ya gari, siyo juu ya paa ikipigwa jua kama unakausha dagaa.

Na foleni ya malori pale mpakani? Ndiyo, najua, unaweza kulala hapo. Na kila mwenye sare anataka kufunua aone. Bandika orodha ya vipande na nakala za karatasi juu ya kifuniko, halafu omba Mungu.

Haya, nakubali shingo upande: nyama ikishaanza kulegea, barafu ina kazi, itaishikilia karibu na sifuri. Na wazee waliokausha kwa moshi hawakuwahi kugombana na shofa yeyote. Ila mimi nataka mchuzi wa nyama mbichi na bukari yangu, yaani ugali, basi.

Nyama isiyo na karatasi usiniletee kabisa, hata ikiwa imeganda kama chuma.

Mzigo ukifika, usiangalie juu juu. Bonyeza katikati ya kipande kinene. Ukikuta bado kuna chembe za barafu, rudisha friza, ingawa ladha itapungua kidogo, au pika leo. Ikiwa imelainika na ina joto la mkono, tupa. Pilipili haiponyi nyama iliyooza, na harufu ile ya juzi bado iko uani kwangu.