Mbalamwezi ndani ya dodoso: kupima ajira katika visiwa vya Ziwa Victoria

Ukiuliza nani ana kazi kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, wiki ya giza (usiku usio na mbalamwezi), utapata jibu moja. Uliza watu walewale mwezi ukiwa mpevu, utapata jingine. Hakuna aliyeachishwa kazi hapo katikati. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo kila mwezi kwa takriban wiki moja hadi siku kumi mitumbwi ya dagaa hupandishwa mchangani. Utafiti wa nguvukazi, yaani wa walio na ajira na wasio nayo wanaoitaka, nao huuliza habari za siku saba zilizopita. Siku saba zipi? Hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Upande mmoja unataka visiwa vipimwe kwa dodoso lilelile la mijini, Ilemela na Kinondoni: wiki moja ya rejea (siku saba zinazoulizwa), na aliyefanya kazi ya malipo au faida japo kwa saa moja ahesabiwe kuwa na ajira. Upande wa pili unasema dodoso hilo linamfaa zaidi mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Visiwa, kwa maoni yao, vipewe kipimo chao: kipindi cha rejea cha mzunguko mzima wa mwezi, yaani siku 29 na nusu, na watu wahesabiwe mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, badala ya nyumbani.

Wa upande wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kipindi cha rejea kikirefushwa, idadi ya wenye ajira huongezeka yenyewe, kwa sababu dirisha la mwezi hunasa watu wengi kuliko dirisha la wiki. Ukiipima Ukerewe kwa mwezi na Magu, wilaya ya nchi kavu, kwa wiki, Ukerewe itaonekana ina ajira nyingi zaidi hata kama hali ni sawa. Halmashauri zinazogawa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani (nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu) zinahitaji namba zinazolinganishika, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inahitaji kulinganisha tafiti zake za 2006, 2014 na 2020/21. Kila wilaya ikijitungia kipimo chake, ulinganisho huo umekwisha.

Tena, dodoso la wiki moja halimwonei mvuvi kama inavyodaiwa, mradi mdadisi anajua kazi yake. Mtumbwi ukiwa mchangani, mvuvi hakai bure. Anashona nyavu, anaziba mianya ya mtumbwi, anatengeneza taa, anaangalia mashine. Kwa viwango vya kimataifa, saa moja ya kushona wavu wa kazi ya biashara ni ajira kamili. Aliyetoka usiku mzima akarudi bila hata ndoo moja naye alifanya kazi, kwani alikwenda kutafuta faida, na faida kuwa sifuri hakuifuti kazi. Makosa hutokea mdadisi anapouliza tu “ulilipwa?”, akajibiwa “hatukupata kitu”, akaandika kwamba mtu huyo hana ajira. Dodoso halina kosa hapo. Mafunzo ya wadadisi ndiyo yenye kosa.

Kwa mvuvi aliyehojiwa vizuri, basi, mbalamwezi haiigusi ajira bali saa. Wiki ya giza anaondoka saa kumi na mbili jioni na kurudi saa moja asubuhi, usiku tano au sita, jumla ya saa 65 au zaidi. Wiki ya mbalamwezi anaweza kuwa na saa sita za kushona nyavu. Zote mbili zinaingia kwenye safu moja ya “ana ajira”. Ukitaka kuiona tofauti, tazama saa alizofanya kazi, na kama alitaka saa zaidi na alikuwa tayari kuzifanya.

Kwa mwanamke anayeanika dagaa mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo upande wa pili una haki yake. Mitumbwi ikifika alfajiri, wanawake hubeba dagaa kwa mabeseni, huwatandaza juu ya mchanga, mawe au chanja, huwageuza jua likipanda, na kuwakusanya jioni kabla ya umande. Jua likiwaka vizuri kazi inakwisha kwa siku moja. Mvua ikinyesha dagaa wanaoza au wanashuka daraja na kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku, na malipo yanashuka nao. Wengi ni vibarua wa siku, wanaolipwa kwa beseni, bila mkataba na bila tajiri (mwenye mtumbwi) wa kudumu. Mitumbwi isipotoka hawana wavu wa kushona. Kazi haipo.

Sasa mpitishe mwanamke huyu kwenye maswali siku ya mbalamwezi. Je, siku saba zilizopita ulifanya kazi ya malipo? Hapana. Una kazi uliyotoka kwa muda na una uhakika wa kurudi? Hapana, kibarua hana uhakika. Ulitafuta kazi? Hapana, atafute nini na kila mtu mwaloni anajua hakuna kitu mpaka giza lirudi? Ungepata kazi ungekuwa tayari kuifanya? Ndiyo, hata leo. Kwa tafsiri ya kimataifa, kwa kuwa hakutafuta, mwanamke huyu hana ajira wala si mkosa ajira: yuko nje ya nguvukazi, katika kundi la nguvukazi tarajiwa. Kwa tafsiri ya kitaifa ya Tanzania, ambayo haimlazimishi mtu awe ametafuta ili mradi yuko tayari kufanya kazi, ni mkosa ajira na yumo ndani ya nguvukazi.

Hilo ndilo jambo linalopotea katika mabishano mengi. Mbalamwezi ileile inajitokeza sehemu tatu. Kwa wanaume iko kwenye saa za kazi. Kwa wanawake, ukitumia tafsiri ya kimataifa, iko kwenye kiwango cha ushiriki (sehemu ya watu wazima walio ndani ya nguvukazi), kinachoshuka. Ukitumia ya kitaifa, ushiriki unatulia na ukosefu wa ajira ndio unaopanda. Anayesoma namba moja tu ya ukosefu wa ajira anaweza kuandika ripoti nzima kuhusu kisiwa na asiuone mwezi hata mara moja, au akauona akadhani ni mdororo wa uchumi.

Tafsiri hazikwishi hapo. Azimio la 2013 la wanatakwimu wa kazi duniani liliwaondoa kwenye ajira watu wanaolima hasa kwa ajili ya kula. Chini ya kanuni zao za awali, za 1982, mtu huyo aliweza kuhesabiwa kuwa na ajira. Ukerewe, ambako muhogo na viazi vitamu ndiyo chakula cha kila siku, swali moja, “mazao haya ni ya kuuza zaidi au ya kula zaidi?”, linaweza kuwahamisha watu wengi kutoka safu moja kwenda nyingine. Mwenye muhogo wa kula na miti michache ya michungwa ya kuuza yuko upande gani? Inategemea shamba gani limetajwa kwanza, ndiyo maana ni lazima kila shamba liulizwe peke yake. Anayelinganisha ushiriki wa kabla na baada ya kanuni mpya bila kulisema hili anawapotosha wasomaji.

Turudi kwenye wazo la kuhesabia mwaloni. Linavutia kwa sababu uvuvi unaonekana pale. Hesabu ya wavuvi na vyombo ambayo Tanzania, Kenya na Uganda hufanya ziwani kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria hufuata njia hiyo: mialo yote inapitiwa katika siku zilezile, ili mtumbwi uliohama usihesabiwe mara mbili. Kwa vyombo ni njia nzuri. Kwa nguvukazi ina mapungufu mawili. Inahesabu nafasi za kazi kwenye mitumbwi, na mtu mmoja anaweza kushika nafasi mbili ndani ya wiki moja. Pia inawaacha waanikaji, mama lishe, wachuuzi na wabeba mizigo, ambao hawana mtumbwi wa kuwaandikia. Ukichukua wavuvi waliohesabiwa mwaloni ukawagawa kwa watu wazima waliohesabiwa na sensa kijijini, kisiwa kidogo chenye kambi kubwa kinaweza kutoa ushiriki wa zaidi ya asilimia 100. Namba inayogawanywa (wavuvi) na namba inayogawanya (wakazi) zimetoka kwa watu tofauti.

Ila swali wanalouliza wanaotaka mwaloni ni halali: nani ni mkazi? Wavuvi wa dagaa huhama kambi wakifuata samaki. Nyumbani wanasema “yuko ziwani”, na kama muda wa kutokuwepo umepita kikomo, anafutwa kwenye orodha ya kaya. Kambini mwenyekiti wa kitongoji anasema “hawa ni wapitaji”, naye haandikwi. Anaanguka katikati. Chukua mfano wa kubuni: kisiwa kina watu wazima 600 walioandikwa, 420 wakiwa kwenye nguvukazi, ushiriki asilimia 70. Ongeza wavuvi 200 wa kambini, wote wakiwa kazini: 620 kwa 800, asilimia 77.5. Pointi saba na nusu zimetoka kwenye uamuzi wa nani aandikwe. Kanuni ya kaya yenyewe, wanaolala pamoja na kula chungu kimoja, inatosha kulitatua hili. Wanaume wanane chini ya turubai moja, wakipikiwa sufuria moja kwa gharama ya tajiri, ni kaya. Tatizo ni kwamba orodha ya kaya huandaliwa kwa kufuata nyumba, na turubai halionekani kuwa nyumba.

Kisha kuna suala la ukubwa wa sampuli, ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Tuseme umehoji watu wazima 300, ukosefu wa ajira ukatoka asilimia 10, na kwa sababu kaya zilichaguliwa kwa makundi ya maeneo ya kuhesabia watu, makosa ya sampuli yameongezeka mara mbili kwa kipimo cha varianzi (kipimo cha mtawanyiko). Kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 5 na 15. Kupunguza makosa hadi pointi mbili kila upande, hata kwa sampuli nasibu isiyo na makundi, kisiwa chenye watu wazima 1,200 kinahitaji takriban 500, karibu nusu ya wote. Hapo ni afadhali kuhoji kila kaya, kwani gharama kubwa ni boti, petroli na posho za kufika, na ukishafika kaya ya ziada haigharimu sana.

Boti hiyohiyo ndiyo inayoharibu mpango wa robo mwaka. Ofisini sampuli inagawanywa vizuri katika robo nne. Ziwani, maeneo manne ya kisiwa kimoja yanahojiwa kwa safari moja ili kuokoa mafuta, hasa miezi ya upepo wa kusi ambapo nahodha mwenye akili havuki mchana. Yote manne yanaangukia wiki moja ya mwezi. Kwenye karatasi ni vipimo vinne, na kwa habari ya mbalamwezi ni kimoja.

Nyumba kwa nyumba pia kuna mtego. Mdadisi akibisha hodi saa nne asubuhi, mvuvi amelala na mke wake yuko kwenye chanja. Anajibu bibi au mtoto. Nyumba ikiwa imefungwa, kuibadilisha na ya jirani aliye nyumbani ni kuchagua wasio kazini kwa makusudi. Saa nzuri ni alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, nyavu zikiandaliwa na dagaa wakikaribia kukusanywa. Na tangu operesheni za 2018 dhidi ya uvuvi haramu, mgeni mwenye kishikwambi anatazamwa kwa jicho la pembeni. Swali la aina ya wavu likitangulia swali la kazi, wengine watasema hawavui kabisa. Liwekwe mwisho, au liondolewe.

Kwa maoni yetu, tafsiri na wiki ya rejea zibaki kama zilivyo, na kinachobadilishwa kiwe ratiba. Kila kisiwa kifikiwe walau mara mbili kwa robo, mara moja giza na mara moja mbalamwezi. Kama fedha haitoshi, tarehe ya mahojiano ioanishwe na kalenda ya mwezi kwenye faili la takwimu, ili mchambuzi aweze kutenganisha athari yake. Yaongezwe maswali mawili yanayouliza kwa lugha ya mwaloni: “Giza lililopita ulitoka usiku ngapi?” na, kwa wanaoanika, “ulianika siku ngapi?” Mtu hukumbuka giza lililopita vizuri kuliko “mwezi uliopita”. Kwa upande wa hadhi ya ajira, baharia anayegawana mapato na tajiri mwenye mtumbwi, wavu na mafuta asiandikwe kuwa amejiajiri. Uainishaji wa kimataifa wa hadhi ya ajira wa 2018 una kundi la wakandarasi tegemezi, wanaofanya kazi kwa faida lakini wanamtegemea mwingine, na pale ndipo penye mvuvi wa aina hii.

Ripoti ya kisiwa nayo isitoe ukosefu wa ajira peke yake. Itoe ushiriki wa wanawake kwa tafsiri zote mbili, na saa za wanaume kwa giza na kwa mbalamwezi, zikiwa kwenye jedwali moja. Gharama ya ziada ni safari ya pili ya boti, na hiyo ndiyo itakayokatwa kwanza bajeti ikipunguzwa.