Pipi za Mwenyekiti

Dada wa mapokezi aliniambia chai inaingia. Hakusema "huenda", wala "tuone". Alisema inaingia, na nyuma ya ukuta nilisikia kabisa vikombe vikigongana. Jopo la usaili lilikuwa limemng'ang'ania mtu aliyenitangulia, kwa hiyo sisi tuliobaki kwenye benchi tungekunywa chai na vitafunio kwanza, halafu tuitwe mmoja mmoja.

Mimi nina kisukari aina ya kwanza. Kongosho langu liliacha kutengeneza insulini nikiwa bado mwanafunzi, basi kila ninapotaka kula lazima nijichome mwenyewe. Insulini ya kasi huchomwa kama dakika 15 kabla ya chakula, ili viende sambamba. Nikaingia msalani, nikapandisha shati, nikajichoma ya chai na vitafunio, nikarudi kwenye benchi nikiwa mtu mwenye mipango.

Mlango wa usaili ukafunguka. "Anayefuata!"

Nilikuwa mimi.

"Chai utaikuta, kaka," dada wa mapokezi akanifariji. "Mkoba uache hapa, ndio utaratibu wetu." Vidonge vyangu vya glukosi vilikuwa ndani ya mkoba. Na insulini ikishaingia mwilini huwezi kuiambia subiri kidogo, ratiba imebadilika. Inafanya kazi iliyotumwa, kushusha sukari ya damu, chakula kiwepo kisiwepo.

Mtasema, si ungejieleza tu pale mlangoni? Hapo ndipo penye kazi. Anayetafuta ajira akiwa na ugonjwa usiopona ana swali moja linalomkesha: niwaambie lini? Ukisema kwenye barua ya maombi, barua haijibiwi, na hutajua kama kilichokuponza ni ugonjwa au tahajia. Ukisema kwenye usaili, nyuso zinabadilika. Kuna msaili aliniuliza kama naambukiza, huku mkono alionisalimia nao akiurudisha polepole chini ya meza. Mwingine alisahau kabisa habari ya kazi, akaanza kunitajia majani yaliyomponya shemeji yake. Tuliagana akiwa amenipa maelekezo yote ya kuyachemsha, kazi hakunipa. Ukisubiri uajiriwe ndipo useme, umewaficha. Na sijagusa lile pengo kwenye wasifu wangu, miezi niliyolazwa, ambayo nimeiandika "majukumu ya kifamilia". Familia yenyewe ilikuwa mimi na dripu.

Kuna nchi zimejaribu kulimaliza hili kwa sheria. Marekani kwa sheria ya mwaka 1990, na Uingereza kwa ile ya 2010, mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kumuuliza mwombaji habari za afya yake kabla hajamwambia kazi ni yako. Ni sheria nzuri. Lakini zinamzuia mwajiri kuuliza tu. Hakuna iliyowahi kukizuia kifaa changu kujibu.

Kifaa chenyewe ni kiduara kidogo nilichobandika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kina kisindano chembamba kinachopima sukari kwenye majimaji ya chini ya ngozi, kisha kinaipelekea simu habari kila baada ya dakika chache. Simu niliiweka kimya, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikaingia.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Katikati alikaa mama mwenyekiti, mpole wa sauti lakini mwenye macho yasiyopepesa. Kulia kwake mzee wa idara ya hesabu, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kifuani. Kushoto dada wa utumishi, aliyekuwa akiandika kila kitu, hata nilipokohoa. Kazi ilikuwa ya ofisa huduma kwa wateja, na tangazo lilisisitiza "mtu mwenye subira na lugha ya staha". Mezani, mbele ya mama mwenyekiti, palikuwa na bakuli la kioo lililojaa pipi za rangi rangi.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Nilijieleza, nikachekesha kidogo, mzee wa hesabu akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha simu ikatetemeka kifuani. Hilo ni onyo la sukari kushuka hadi 3.9, kwa kipimo cha milimoli kwa lita; ni la kiungwana, linakubali kutetemeka tu. Nikajiambia sukari ya 3.9 nitafika nayo mwisho, usaili si nusu saa?

Jasho likaanza kwenye mdomo wa juu, likahamia mgongoni. Mikono ikatetemeka. Hiyo huwa ni kazi ya adrenalini: mwili ukiona sukari imepungua unapiga mbiu, moyo unakimbia, jasho linamwagika. Kwa bahati mbaya mtu mwoga anayesailiwa naye huwa hivyo hivyo, hamna tofauti hata chembe.

"Usiogope, mwanangu," mama mwenyekiti akasema. "Sisi hatuumi."

"Siogopi, mama," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa.

Lakini sukari ikiendelea kushuka, ubongo, ambao chakula chake kikubwa ni hiyo hiyo sukari, unaanza kubana matumizi. Na cha kwanza kukatwa ni unafiki. Mimi nikiwa chini ya 3.5 sina uwezo wa kudanganya, na usaili bila uongo kidogo haujawahi kufika mbali.

Dada wa utumishi akauliza, "Mteja amekuja kwa hasira, anapiga kelele. Utafanyaje?"

Nilikuwa na jibu nililolifanyia mazoezi mbele ya kioo, lenye kusikiliza na kutatua. Likatoweka. "Nitamuuliza kama amekula," nikasema.

Akaandika.

"Na udhaifu wako mkubwa ni upi?"

"Kongosho."

Kalamu ikasimama. Mzee wa hesabu akabadilisha miwani.

"Unasema?"

"Kongosho," nikarudia, safari hii kwa ukali, maana sukari ikishuka mimi huwa na hasira za bure, na niliona kabisa kwamba tatizo ni usikivu wao. Ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito, kwa hiyo neno lenyewe lilitoka likiyumba. Mzee wa hesabu akainama kidogo kuelekea kwangu, akavuta hewa puani. Nilijua anachonusa. Watu wenye hali yangu wamewahi kudhaniwa walevi mara nyingi, na asubuhi ile mimi nilikuwa natembea na dalili zote isipokuwa harufu.

Mama mwenyekiti, mtu wa busara, akaamua kunirudisha kwenye mstari kwa swali jepesi. "Hebu tuambie, unajiona wapi miaka mitano ijayo?"

"Hapo," nikanyoosha kidole kwenye bakuli la pipi.

Ndipo kifaa kikaamua nacho kitoe maelezo. Onyo la 3.1 si la kiungwana kama lile la mwanzo. Waliolibuni walihakikisha linalia hata simu ikiwa kimya, na kwa mtu aliyelala peke yake usiku ni jambo jema kabisa. Kwenye chumba kidogo cha usaili ni jambo jingine. Koti langu lililia. Mzee wa hesabu akasimama, akasema, "Moto!", akaanza kukusanya mafaili. Dada wa utumishi akaenda mlangoni, akagusa kitasa kama kina joto, kumbe walikuwa wamefundishwa. Mimi, katika ghasia ile, nilifanya jambo la pekee lenye mantiki: nikavuta bakuli, nikatia pipi mdomoni, si moja wala mbili, nikazitafuna na nyingine nikazimenya huku nikisema, "Kaeni tu, ni mimi."

Nikawaeleza. Yaani nilidhani nawaeleza; dada wa utumishi aliniambia baadaye kwamba nilichosema ni "sukari, mkono, chai haikuingia". Lakini mama mwenyekiti alielewa papo hapo. Akainuka, akanishika bega, akauliza, "Aina ya kwanza?"

Nikatikisa kichwa, mdomo umejaa.

"Mwanangu," akasema kwa masikitiko, "hizo hazina sukari. Mimi mwenyewe nina aina ya pili. Hizo ni za sorbitoli."

Nimewahi kupata habari mbaya maishani, zikiwemo za daktari. Hii iliingia kwenye orodha. Nilikuwa nimetafuna nusu ya bakuli la kitu chenye utamu wote wa sukari na faida zake takriban hakuna.

"Nani ana kitu cha sukari?" mama mwenyekiti akauliza chumba.

Kimya. Ikaja kufahamika kwamba baada ya kugundulika na kisukari, mama alikuwa amepiga marufuku soda na biskuti ofisi nzima, na kuna waraka. Dada wa utumishi alikuwa na chupa ya maji na tufaha la plastiki la urembo. Koti langu likaendelea kulia. Mzee wa hesabu akatazama dari, akatazama waraka ulipobandikwa ukutani, akanitazama mimi. Akashusha pumzi, akainama kwenye kabati la mafaili, akatoa faili nene la mizania ya zamani. Nyuma yake akatoa soda.

"Naomba hili lisiandikwe," akasema.

Dada wa utumishi alikuwa ameshaandika.

Lakini mtu wa hesabu ni mtu wa hesabu hata pakiungua. Hakunipa chupa. Aliuliza kipimo ni kiasi gani. Mama mwenyekiti akamwambia kanuni ni gramu 15 za sukari ya haraka, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena. Mzee akageuza chupa, akasoma kwa miwani ya pili: gramu 10.6 kwa kila mililita 100. "Basi ni mililita 141 na ushei," akasema, akaanza kutafuta kikombe chenye mistari. Mama akampokonya chupa, akaniwekea mdomoni.

Dakika 15 za kusubiri sukari ipande ni ndefu hata ukiwa nyumbani. Pale tulikuwa watu wanne tunatazamana, na kengele bado inalia, maana kifaa hupima majimaji ya ngozi na habari za damu hukifikia kwa kuchelewa. Mimi nilianza kurudi duniani, chenyewe kikiendelea kunitangazia msiba. Mama mwenyekiti aliona muda usipotee bure. Akageuza kiti, akamkabili mzee wa hesabu.

"Tangu lini?"

"Tangu waraka utoke, mama."

"Iko moja tu?"

Mzee akanyamaza. Dada wa utumishi akafungua ukurasa mpya. Nikiri kwamba ule ulikuwa usaili mzuri kuliko wote niliohudhuria, na sikuwa naulizwa chochote. Mzee alieleza majukumu yake, changamoto alizopitia katika kuhifadhi soda isipate joto, na jinsi alivyoshirikiana na wenzake wa stoo. Alipoulizwa udhaifu wake mkubwa akaonyesha chupa.

Nilipofika 5.2 wakanirudia. Kwa haki kabisa wakaamua maswali yaanze upya, majibu ya awali yafutwe. Nikajibu kama nilivyojifunza mbele ya kioo. Mteja mwenye hasira nitamsikiliza kwa makini na kutafuta ufumbuzi. Miaka mitano ijayo najiona nimekua pamoja na taasisi. Udhaifu wangu ni kwamba nikianza kazi siwezi kuiacha mpaka iishe.

Dada wa utumishi akakuna kichwa kwa kalamu. "Mimi lile la kongosho nililipenda zaidi," akasema.

Kuhusu pipi: pakiti za pipi za aina ile huwa na onyo kwamba ukizila nyingi zitakuharisha, kwa sababu sorbitoli husharabiwa polepole na huvuta maji tumboni. Onyo hilo ni la kweli. Mkoba nilirudishiwa, chai niliikuta kama nilivyoahidiwa, na sikuweza kukaa kuinywa. Naomba tuliache hapo.

Kazi ya huduma kwa wateja hawakunipa. Alipewa mtu ambaye, nasikia, huwa mpole hata akiwa na njaa. Nilishaanza kutuma barua kwingine niliposikia simu. Nilidhani ni kifaa, kumbe ni mzee wa hesabu. Alisema idara yake ina nafasi ya karani, na kwamba amefikiri sana: mtu ambaye tangu ujana anahesabu gramu za wanga kwenye kila sahani na kuzigawanya kwa vipimo vya insulini hawezi kushindwa na leja. Nikaona ni heshima kubwa. Nikaenda, tukaongea, nikaajiriwa.

Siku ya kuanza nilielewa vizuri zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 27 unazitaka nchi zihakikishe mahali pa kazi panafanyiwa marekebisho yanayofaa kwa wanaoyahitaji. Mzee alikuwa ameisoma yote. Alikuwa ameandika ombi kwa niaba yangu, ukurasa mmoja na nusu, lugha ya kisheria tupu, akiomba mfanyakazi mpya atengewe droo moja ya chini ya kuhifadhi vinywaji vyenye sukari "kwa matumizi ya dharura". Mama mwenyekiti alisoma, akamtazama muda mrefu, akatia saini.

Kwa hiyo nina droo ya soda, halali, yenye muhuri. Ufunguo anao mzee.